Maungio Sita Juu ya Dari

Jumatatu, 4 Januari

Nimefungua daftari jipya kwa sababu la zamani limejaa vipimo, na kichwa changu kimejaa Wifi. Leo kiyoyozi cha wodi ya watoto njiti kimenguruma tangu asubuhi bila kupumzika hata dakika moja, na bado saa nane mchana kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi thelathini na moja. Nilipoingia nikakuta madirisha mawili wazi. Wazi kabisa, mapazia yanapepea! Wifi, mke wa kaka yangu, ndiye muuguzi mkuu wa wodi hiyo. Nikamuuliza, "Wifi, hivi mimi napoza wodi au napoza mtaa?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye faili lake, "Poza chochote unachotaka, mradi upoze."

Akina mama wakacheka. Mimi ndiye fundi wa hewa wa hospitali hii, mwaka wa kumi na nne sasa, na nimechekwa na watu waliovaa kanga na malapa. Nimerudi karakana nimenuna.

Jumatano, 6 Januari

Thelathini na moja. Madirisha wazi. Nilipotoka nilifunga mlango kwa nguvu kidogo.

Alhamisi, 7 Januari

Katibu wa hospitali ametuita ofisini, mimi na Wifi. Ana barua ya wakaguzi wa afya. Wanakuja tarehe tatu Februari, na wodi ikizidi nyuzi ishirini na nane saa nane mchana, itafungwa mpaka mvua zinyeshe. Watoto wote wapelekwe hospitali kubwa.

Hospitali kubwa ni saa nne kwa gari.

Wifi, ambaye huwa ana jibu la kila kitu, aliisoma ile barua mara mbili. Kisha akamweleza Katibu taratibu, kama anayemweleza mgeni, kwamba kile kisanduku cha kioo anacholala mtoto kina kazi ya kupasha joto tu, hakiwezi kupoza. Chumba kikichemka, mtoto anachemka nacho. Na mtoto wa kilo moja na robo hasafirishwi saa nne kwenye jua hili kama gunia la viazi. Katibu akasema ameomba kiyoyozi kikubwa zaidi, ila kitafika baada ya miezi sita.

Hapo nikadakia. Nikasema kiyoyozi tulicho nacho kinatosha, ni chumba kinachovuja. Ukiwa na ndoo iliyotoboka huhitaji bomba kubwa zaidi, unahitaji kuziba matundu. Nipeni wiki tatu. Katibu akakubali haraka, nadhani kwa sababu hakuwa na lingine. Tulipotoka Wifi akaniambia, "Umesema kwa kinywa chako, wifi. Mimi nimesikia."

Jumamosi, 9 Januari

Nimemsimulia Mjomba. Mjomba ndiye aliyenilea na ndiye aliyenifundisha kazi, na tangu magoti yake yagome kupanda ngazi anakaa kwangu. Jengo lile la watoto alilisimamia yeye, na dakti zake, ile mifereji ya bati inayopeleka na kurudisha hewa juu ya dari, tulizifunga sisi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanamke pekee kati ya mafundi saba.

Mjomba alikuwa na sheria moja. Ukimaliza ungio la dakti unachovya dole gumba kwenye rangi yako na kuligandamiza hapo, ili likivuja ajulikane wa kuitwa. Yangu ilikuwa ya kijani. Siku ya mwisho, kabla ya ufunguzi, nilipewa maungio sita na nikamaliza kabla ya wanaume wote. Mjomba alinipigia makofi mbele ya watu. Kisa hiki nimekisimulia kwa kila mtu aliyewahi kukaa karibu nami zaidi ya nusu saa, na leo tumekisimulia tena, yeye mwanzo, mimi mwisho.

"Dakti zile usiziguse," akasema Mjomba. "Ziba madirisha. Mbao ndizo zinazochoka."

Jumatatu, 11 Januari

Nimeanza na kijiti cha moshi. Unakiwasha, unakipitisha polepole kwenye ukingo wa dirisha, na moshi ukiinama ujue hewa inapita hapo. Umeinama kila mahali. Kwenye fremu, kwenye mashimo ya nyaya, nyuma ya sinki, chini ya mlango ambako mjusi anaweza kupita na mizigo yake. Tumewahamishia watoto upande mmoja wa wodi, tumetundika nailoni katikati, na mimi nazunguka upande wa pili na bunduki yangu ya silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa.

Mama Pacha ameniuliza kama moshi hauwadhuru watoto. Ni mama mdogo wa mwili, mapacha wake wana siku tisa, na yule wa pili ndiye huyo wa kilo moja na robo. Nikamwonyesha moshi wenyewe ulivyo mdogo, tena uko nyuma ya nailoni. Akauangalia unavyoingia ufa wa dirisha kama uzi unaoingia tundu la sindano, akasema, "Kumbe nyumba nayo inavuta pumzi."

Jumanne, 12 Januari

Silikoni. Mgongo.

Jumatano, 13 Januari

Wifi alipita nikiwa nimelala chali chini ya sinki. "Ukimaliza matundu ya ukuta utaniziba na mdomo?" Nikamjibu, "Wifi, kwa ule mdomo silikoni haitatosha." Akina mama wakacheka tena, na safari hii walikuwa upande wangu.

Ijumaa, 15 Januari

Madirisha yote yamezibwa, milango yote imevaa mpira chini. Saa nane mchana: thelathini.

Siku tano za kazi, nyuzijoto moja tu! Na nilipogeuka nikaona Wifi amesimama kwenye kiti anafungua lile dirisha la kona nililolimaliza asubuhi. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mbele ya akina mama kwamba kazi yangu anaibomoa yeye, na kwamba wodi ikifungwa wajue ni kwa sababu ya nani. Yalinitoka yote bila breki. Mama Pacha alimkumbatia mtoto akatazama ukutani.

Wifi alifunga dirisha, akashuka kwenye kiti, akaenda zake. Laiti angenijibu ningelala vizuri zaidi.

Jumatatu, 18 Januari

Leo Wifi amekuja mwenyewe karakana, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Amebeba faili. Akalifungua juu ya meza yangu katikati ya koleo na misumari, na ndani yake hakuna karatasi hata moja. Kuna vipande vya shashi, ile ya kufungia vidonda, vimebanwa mpangilio mmoja na kila kimoja kimeandikwa tarehe. Tangu Oktoba amekuwa akifunga shashi safi kwenye tundu la dari linaloingizia hewa, na kuibadilisha kila Jumatatu. Ya kwanza imepauka kidogo. Ya wiki iliyopita ni nyeusi kama kitambaa cha kung'arishia viatu.

"Hii ndiyo hewa yako," akasema. "Ndiyo maana nafungua dirisha. Kati ya joto na vumbi nachagua joto, kwa sababu joto naweza kulifuta kwa kitambaa chenye maji. Vumbi likiingia kifuani mwa mtoto nitalifuta na nini?"

Nilibaki naangalia zile shashi. Chujio liko mwanzoni, pale wodini kwenye ukuta, ambapo kiyoyozi kinavuta hewa. Ikiwa vumbi linatokea upande wa pili, basi linaingia katikati, baada ya chujio, ndani ya dakti ya kuvuta. Kiyoyozi chetu kinanyonya hewa ya darini. Wifi alikuwa na ushahidi wa miezi mitatu, na mimi nilikuwa na mdomo tu.

Nikamwomba radhi. Akasema, "Nitafikiria." Kisha mlangoni akageuka: "Na ile ya kusema mbele ya akina mama, utaniomba radhi mbele ya akina mama." Nimekwenda saa hiyo hiyo. Nimeomba radhi nikiwa nimesimama katikati ya wodi na mikono nyuma, na Mama Pacha akaitikia kwa niaba ya wote kwamba imepita.

Jumanne, 19 Januari

Nimeifunga dakti ya kuvuta pande zote mbili kwa nailoni na tepu, nikachomeka feni ya kupimia. Kazi yake ni rahisi: inavuta, na mshale unakuonyesha ni hewa kiasi gani inapenya mahali isipotakiwa. Ikiwa dakti ni nzima, mshale unalala. Wangu ulisimama wima. Nimepiga hesabu mara tatu. Katika kila ndoo kumi za hewa ambazo kiyoyozi kinavuta, nne zinatoka darini, na kule darini leo ni nyuzi arobaini na sita. Maskini mashine ile, imekuwa ikipoza paa la hospitali miaka yote hii.

Nimetambaa na kijiti cha moshi kufuata dakti nzima. Chini ya maungio, moshi haukuinama. Ubavu wa kulia, wa kushoto, vivyo hivyo. Gundi iko safi, imepakwa kwa mkono wa mtu anayejua. Sasa hewa inapita wapi?

Jumatano, 20 Januari

Natamani siku hii niiruke, lakini daftari nimelinunua mwenyewe.

Asubuhi nilifunga kioo changu cha kujipodolea kwenye fimbo na kurudi darini. Kati ya dakti na zege la juu kuna nafasi ya vidole viwili, mkono hauingii. Nilisogeza kijiti cha moshi pale kwenye ungio la kwanza baada ya chujio, na moshi ukapanda, ukakunja kona, ukanyonywa juu ya bati kama vile kuna mtu anauvuta kwa mrija. Nikaingiza kioo.

Upande wa juu hauna gundi. Hata tone. Bati kavu, na mwanya unaoingia sarafu. Ungio la pili vivyo hivyo. La tatu. La sita. Pande tatu zinazoonekana zimepakwa kwa ustadi, na upande wa nne, ule usioonekana na mtu aliyesimama chini, haujaguswa kabisa. Nikawaza, ni nani huyu mjinga? Kila fundi anajua kwamba dakti inayokaa karibu na zege unaipaka upande wa juu ikiwa bado sakafuni, ndipo unaipandisha. Nikamulika tochi ubavuni kutafuta alama yake.

Dole gumba la kijani. Mara sita.

Nilikaa mle darini, jasho linanitoka hadi kwenye buti, na nikakumbuka kila kitu. Wanaume walikuwa wamebakiza mawili matatu kila mmoja. Mimi nilizipandisha kwanza ili nisipoteze muda wa kusubiri gundi ya juu ikauke. Nilijiambia nitatafuta namna ya kuingiza brashi baadaye. Halafu Mjomba akapiga makofi, watu wakageuka kunitazama, na baadaye ikawa haipo tena.

Nimeona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Miaka kumi na minne nimejisifia maungio yale yale yaliyokuwa yanawamwagia watoto vumbi. Na nimeyalaumu madirisha, nimemlaumu Wifi, kidogo nimlaumu mjusi.

Alhamisi, 21 Januari

Sikwenda kazini asubuhi. Nilisema naumwa tumbo.

Niseme ukweli humu: nilifikiria kunyamaza. Kuandika kwenye ripoti "kasoro za ujenzi" na kuziba kimyakimya. Alama ya kijani ningeikwangua kwa dakika moja. Lakini njia pekee ya kuufikia upande ule ni kukata milango midogo chini ya dakti na kupaka gundi kwa ndani, na hapo vumbi la miaka kumi na minne litamwagika wodini. Watoto lazima wahame siku mbili kwenda jengo la wazazi. Mtu wa kuruhusu hilo ni Wifi, na Wifi atauliza kwa nini. Siwezi kumwomba awabebe watoto wale mikononi huku nikimdanganya usoni.

Mchana nilimweleza Mjomba. Nilidhani atafoka. Alikunja gazeti lake mara nne, mpaka likawa dogo kama bahasha.

"Mimi ndiye niliyesaini," akasema. "Nilikuwa na kioo cha kukagulia mfukoni, mpwa wangu. Sikupanda ngazi. Nilisimama chini nikatazama, nikaona kazi nzuri, nikaona ni mtoto wa dada yangu, nikasaini. Ya wale wengine niliikagua yote."

Kisha akaniuliza kama mkasi wa bati ninao au niazime.

Ijumaa, 22 Januari

Nimesema. Ofisini kwa Katibu, Wifi akiwepo, Mjomba ameketi kando yangu kwa sababu alikataa kubaki nyumbani. Nilisema maungio ni yangu, alama ni yangu, na kama wanataka fundi mwingine aje nitamwonyesha mahali. Katibu alisema suala la kazi yangu tutalizungumza baada ya tarehe tatu.

Wifi hakumtazama Katibu. Alinitazama mimi. "Kiangazi kilichopita niliwapakia wanne kwenye gari," akasema. "Walifika salama wote. Lakini kuna mama alikaa siku tano hajui mtoto wake anaendeleaje, na kila asubuhi alikuwa ananiuliza mimi." Machozi yalimtoka. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya msiba wa baba yake. Nilitamani zege liniangukie.

Kisha akapangusa uso kwa kiganja. "Unataka siku ngapi?"

"Mbili."

"Chukua mbili. Ya tatu sina."

Jumamosi, 23 Januari

Watoto wamehama saa moja asubuhi, mmoja mmoja, vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Wifi alitembea na kila mmoja, kwenda na kurudi mara tisa.

Nimekata milango mitatu. Mjomba ameketi chini kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimefungwa taulo, ananipokonya kazi kwa mdomo: "Brashi iloweshe! Usipake kama unapaka siagi, ijaze mwanya!" Mkono unaingia mpaka begani, unapapasa mwanya, unapaka, unarudi mweusi. Maungio matatu yamekwisha. Nimekohoa vumbi ambalo nadhani linanizidi umri.

Jumapili, 24 Januari

La nne. La tano. La sita liko kwenye kona na mkono wangu ulikuwa unafika lakini hauoni njia, basi Mjomba akawa ananielekeza kwa kugonga bati kwa fimbo: akigonga kushoto napaka kushoto. Tumepata njia. Nimefunga milango ile kwa skrubu na gundi, nimesafisha dakti yote, nimebadilisha chujio, na wodi nzima imepigwa deki mara mbili.

Gundi ilipokauka nikawasha feni ya kupimia. Mshale ulicheza kidogo, ukalala. Si hata nusu ndoo katika kumi. Kabla sijafunga kifuniko cha dari nilishuka, nikapanda tena, nikakagua yote sita kwa kioo. Kisha Mjomba akaniomba kile kioo. Akapanda ngazi. Kwa magoti yale, vipandio saba, mimi nimemshika kiuno na kumwombea kwa sauti. Akakagua moja baada ya jingine, akashuka, akasema, "Sasa nimesaini."

Jumanne, 26 Januari

Watoto wamerudi tangu jana. Leo saa saba na dakika kumi kiyoyozi kimenyamaza. Wodi nzima ilinyamaza nacho. Wifi alikuja mbio karakana, kiatu kimoja kinamvuka, "Kimekufa! Wifi, kimekufa!" Nikaenda kuangalia. Nyuzi ishirini na saba.

"Hakijafa," nikamwambia. "Kimefika kinapotakiwa, kimepumzika." Haikuwahi kutokea tangu jengo lifunguliwe, ndiyo maana hakuna aliyeujua ukimya wake.

Alhamisi, 28 Januari

Wifi analalamika hewa ni nzito, inanuka maziwa na dawa. Zamani ningebisha. Leo nimepanda paani moja kwa moja, na kweli, kile kilango kinachoingiza hewa safi kimeshikwa na kutu, kimejifunga. Nyumba ilipokuwa inavuja kila mahali hakuna aliyekihitaji. Sasa chumba kimeziba, lazima hewa mpya iingie kwa mlango wake, ipite kwenye chujio, kwa kiasi tunachojua. Nimekikwangua, nimekitia mafuta, nimekifungua robo. Ishirini na saba na nusu. Wifi amevuta pumzi mbele yangu kama anayeonja mchuzi, akasema, "Hapo sawa."

Jumatatu, 1 Februari

Shashi ya wiki: nyeupe. Ameibandika kwenye faili mwisho wa mstari. Yule pacha wa pili amefikisha kilo moja na nusu.

Jumatano, 3 Februari

Upepo wa leo ulikuwa wa tanuri, kuku wamejilaza chini ya magari. Wakaguzi wawili, mwanamke na mwanamume, na kipimajoto chao wenyewe. Walikaa tangu saa sita hadi saa tisa. Sikuweza kula. Mjomba alipiga simu mara nane, na kila mara nilimwambia bado.

Saa nane kamili: ishirini na saba na nukta nne.

Mkaguzi mwanamke aliniuliza tumenunua mashine gani. Nikamwambia mashine ni ile ile, kilichobadilika ni kwamba maungio sita niliyoyaacha wazi mimi mwenyewe yamezibwa. Aliniangalia kidogo, akaandika, akaniuliza kama naweza kwenda kukagua dakti za zahanati nyingine mbili. Katibu akajibu kabla yangu, "Tutamwachia siku za kwenda." Nadhani hayo ndiyo mazungumzo kuhusu kazi yangu.

Alhamisi, 4 Februari

Saa tisa alasiri, jua bado kali, nilikuwa kwenye ngazi naangalia tundu la hewa wakati mlango uliposukumwa. Mwanamume, shati limemganda mwilini, mkononi ana barua ya kituo cha afya. Nyuma yake mkewe kwenye kiti cha magurudumu, na kifuani kwake, ndani ya kanga, mtoto aliyezaliwa asubuhi, wiki saba kabla ya siku zake. Wameambiwa huku hufungwa kiangazi. Wamekuja tu wapate barua ya kuendelea na safari, gari linanguruma pale nje, na dereva amesema ni saa nne kama njia ni nzuri.

"Muuguzi," akasema yule baba, "tuandikie tu. Tunampeleka wapi?"

Wifi alikuwa tayari amefungua kisanduku cha kioo cha kona, anakipangusa.

"Hamumpeleki popote," akasema. "Mlete mtoto."

Yule baba hakuelewa mara moja. Alimtazama mkewe, akaitazama ile barua, akanitazama hata mimi kule juu ya ngazi, na mimi nikamwitikia kwa kichwa. Ndipo akatoka kwenda kumwambia dereva azime gari.